Neno Moja la Kijerumani



Wapendwa waamini, baadhi yenu mmetuuliza kwa nini taa ya nyumba yetu hapa Mchinga huchelewa kuzimwa. Si siri. Huu ni mwaka wa tatu tunasomea shahada ya Kijerumani kwa njia ya masafa, saa mbili kila usiku baada ya Masifu ya Jioni. Umri umesogea na kumbukumbu imepungua; mtihani wa kwanza wa sarufi tulianguka. Kijerumani kina jinsia tatu za majina, na msichana, das Mädchen, hakuwekwa katika ya kike. Mswahili aliyelelewa na ngeli hakupaswa kulalamika, lakini tulilalamika.

Hata hivyo, kilichotuchoma kuliko mtihani ni swali la jirani yetu, mzee Mwislamu ambaye babu yake alikuwa mchukuzi wa mifupa ya Tendaguru. Alituuliza: “Padri, lugha ya waliowachapa wazee wetu viboko unaitakia nini?” Tulikosa jibu. Akaongeza: “Basi ukishaijua, utusomee waliandika nini juu yao.”

Tendaguru ni kilima kilichoko bara, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wataalamu kutoka Berlin, wakiwemo Werner Janensch na Edwin Hennig, waliongoza uchimbaji wa mifupa ya dinosaria. Mamia ya watu wa pande hizi walichimba, na wachukuzi wakabeba mizigo ya zaidi ya tani 200 kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mmoja wa wanyama hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika jumba la makumbusho huko Berlin. Kazi hiyo ilifanyika wakati majeraha ya Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, yakiwa bado mabichi. Kanisa nalo lilimwaga machozi katika vita hivyo: tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wamisionari wenzake wanne.

Tukaanza kusoma taarifa za uchimbaji, kamusi mkononi, ukurasa mmoja kwa usiku mzima. Tulikuta matabaka ya miamba na namba za mifupa. Tulikuta jina la msimamizi wa kazi, Boheti bin Amrani. Jina la babu wa jirani yetu hatukulikuta. Tulikwenda barazani kwake kumweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Endelea kusoma. Huenda liko mbele.”

Injili ya Dominika ya 24 ya Mwaka A inatupa mtumishi aliyesamehewa deni kubwa mno, naye akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Katika Sala ya Bwana sisi tunataja makosa. Wajerumani hutaja Schuld, yaani hatia, neno lenye undugu na lile la deni. Na neno la kwanza la adabu tulilofundishwa, Entschuldigung, samahani, lina Schuld ndani yake: ni kuomba uondolewe hatia. Mwenye hatia hawezi kujiondolea mwenyewe, humwomba aliyekosewa. Ndivyo alivyofanya Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani, alipoomba msamaha mjini Songea tarehe 1 Novemba 2023.

Lakini tusimwangalie Mjerumani peke yake. Sisi Wakatoliki wa kusini tulipokea imani kwa mikono ya Wabenediktini waliotoka Ujerumani, waliofungua misioni ya Ndanda mwaka 1906. Tumekuwa wepesi kuwashukuru, na tunastahili kuwashukuru. Ila tumekuwa wazito kumwuliza jirani yetu wa barazani: wewe na wazee wako, kutoka mikono ya taifa lile lile mlipokea nini? Hilo nalo ni deni, na mdai wake anaishi hatua chache kutoka mlangoni petu.

Kwa hiyo taa itaendelea kuwaka. Shahada tukiipata, tutamshukuru Mungu. Tusipoipata, zitabaki kurasa ambazo bado hatujamsomea mzee yule.

Tunawatakia Dominika njema.