Gari Lilikataa Kutoka kwenye P

Wamama wapendwa, mama prezidenti ameniomba niandike juu ya lile jambo la gari, kwa sababu wengi wenu mlilisikia sokoni, na mlivyolisikia sivyo lilivyokuwa. Nitalieleza lote, hata ile sehemu inayonitia haya.

Mnalijua gari letu dogo la Kijapani lenye usukani kulia. Mimi na Baba Watoto tulilinunua likiwa limekwisha kuzeeka. Ni otomatiki: hakuna pedali ya ambreyaji, ni freni na mafuta tu, na leviye yenye herufi P, R, N, D. Ndilo linalobeba magunia ya mchele na mikungu ya ndizi kutoka barabara ya Buta mpaka soko kubwa la Makiso, mizigo yangu na ya wenzangu wanne wa likelemba. Likisimama, wanawake watano tunasimama.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, niliingia, nikawasha, moto ukashika vizuri. Nikakanyaga freni, nikavuta leviye. Haikutoka kwenye P. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikazima, nikawasha tena, nikaomba. Vijana wa parsele wakaja kunisaidia, kila mmoja akijifanya ana nguvu kuliko mwenzake, na leviye imekaa pale pale kama msumari ndani ya mti.

Tukamwita fundi. Alifungua kifuniko kidogo kando ya leviye, akaingiza ncha ya bisibisi, akabonyeza, na leviye ikashuka mpaka D kana kwamba haijawahi kugoma. Akaniambia: “Mama, bwati ya vitesi imekufa. Tafuta nyingine, dola 650. Kwa sasa fanya na bisibisi hivi hivi.” Akachukua dola 10 zake, akaenda.

Dola 650! Zamu yangu ya likelemba ilikuwa inakaribia, na pesa ile ilikuwa imekwisha kupangwa: masomo ya watoto watatu. Usiku mimi na Baba Watoto tulihesabu, tukahesabu tena. Yeye alitaka tuuze gari. Mimi nikasema nitaendelea na bisibisi mpaka zamu ifike, kisha tutaona ni mtoto gani atangoje. Ndiyo, nilisema hivyo, na mkubwa wangu alikuwa upande wa pili wa mlango akisikia.

Siku kumi na mbili nilitembea na bisibisi ndani ya mfuko. Nikazoea. Nilianza hata kujisifu kwamba ninaweza kitu ambacho wanaume wa mtaa hawakiwezi.

Siku ya kumi na tatu nilikuwa ninashuka kuelekea daraja la Tshopo. Mbele yangu toleka mmoja akayumba na baiskeli yake, nikakanyaga freni kwa nguvu. Nyuma nikasikia kishindo. Motari alikuwa amenigonga, na juu ya moto yake alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alichunika paji la uso. Mama alivunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Motari alipiga kelele: “Mama, taa yako ya freni haikuwaka!” Na mimi, wapendwa, nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba vijana wa moto hawajui kuendesha. Watu wengi wakanipa haki, kwa kuwa mimi ni mtu mzima mwenye gari na yeye ni kijana mwenye deni la moto. Tulimpeleka mama yule hopitali, lakini ndani ya moyo nilikuwa bado nimeshikilia kwamba kosa si langu.

Giza lilipoingia nilimwomba mtoto wa dada yangu asimame nyuma ya gari. Nikakanyaga. “Inawaka?” “Hapana, mama mdogo.” Nikakanyaga tena. “Hapana.” Hizi za kulia, za kushoto, hakuna hata moja.

Kesho yake tukamwita mzee mmoja anayetengeneza magari tangu zamani. Hakugusa bwati ya vitesi. Aliuliza swali moja tu: “Leviye ilipogoma, mlitazama taa za nyuma?” Nikajua jibu kabla hajamaliza.

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi. Gari la otomatiki lina kufuli kwenye leviye. Haliachi utoke kwenye P mpaka liamini kwamba mguu wako uko juu ya freni. Na linajuaje? Juu ya pedali ya freni kuna kifaa kidogo cha plastiki, ukubwa wa kidole gumba, mafundi wetu wanakiita kontakteri ya stopu. Pedali ikipumzika, inakibonyeza. Ukikanyaga, inakiachilia, na umeme unapita. Umeme ule unakwenda sehemu mbili: kwenye taa za nyuma, na kwenye kisumaku kilicho karibu na leviye, ambacho kinavuta pini na kuifungua kufuli. Kwa hiyo kontakteri ikifa, taa haziwaki na leviye haitoki. Ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili, na mimi niliiona ile iliyonisumbua mimi. Ile ya pili iliwahusu walio nyuma yangu.

Kile kitobo cha bisibisi kimewekwa na watengenezaji kwa siku ya shida, ili gari liweze kusukumwa likiwa limekwama. Hakiponyi kitu.

Namna ya kupima haihitaji mashine. Vuta freni ya mkono, fungua kontakti bila kuwasha moto, mtu mmoja asimame nyuma. Kanyaga freni, sikiliza karibu na leviye. Kama taa hazikuwaka na hukusikia “tik”, tazama kwanza fuzibu ya stopu, kisha kontakteri. Kama taa zinawaka lakini hakuna “tik”, shida iko kwenye kile kisumaku au nyaya zake. Kama “tik” inasikika na leviye bado ngumu, hapo ni mambo ya chuma na waya wa leviye, mwachie fundi. Bwati yenyewe inakuja mwisho kabisa katika orodha ya kushukiwa. Yule wa kwanza aliianza nayo, na sijui kama alikosa ujuzi au alipenda dola zangu.

Fuzibu yangu ilikuwa nzima. Kontakteri ilikuwa imeungua ndani. Bei yake: dola 8, kazi dola 5.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya umeme, alinisimulia kwamba kufuli hiyo ilianza kujulikana kwa matatizo ya Marekani miaka ya 1980. Watu walilalamika kwamba magari ya Audi 5000 yanaruka yenyewe yanapotolewa kwenye P. Audi ikaongeza kufuli ya leviye, na wachunguzi wa serikali wakaandika mwaka 1989 kwamba mara nyingi mguu ulikanyaga mafuta ukidhani ni freni. Baadaye, mwaka 2008, ikatiwa saini sheria ya kulinda watoto na magari, na magari madogo ya otomatiki yaliyotengenezwa tangu Septemba 2010 kuuzwa kule ni lazima yawe nayo. Walifikiria mtoto aliyeachwa ndani ya gari akachezea leviye. Sisi wenye watoto wanaopanda kila mahali tunaelewa bila kuelezwa.

Kuna jambo la pili, la miezi michache baadaye, nalo si refu. Nikazungusha ufunguo, kimya. Kwenye dashibodi, taa ya P haikuonekana. Safari hii sikumwita mtu mbio. Niliweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikavuta freni ya mkono, nikapeleka leviye kwenye N: moto ukashika. Basi betri na stata vilikuwa vizima. Kilichougua ni kile kifaa kilicho ubavuni mwa bwati, kinachoiambia gari leviye iko wapi; kisipoiona P wala N hakiruhusu moto. Matope ya barabara zetu yalikuwa yameingia kwenye fishi yake. Mzee aliisafisha, akaikausha, akalegeza skrubu na kukirudisha kifaa mahali pake sawasawa.

Siku hiyo ndipo aliponiambia kwamba P si freni. Ndani ya bwati kuna jino moja la chuma linaloingia kwenye gurudumu lenye meno, basi. Na waya kati ya leviye na bwati ukilegea, leviye inaweza kuonyesha P na jino liwe halijaingia. Hata magari ya kisasa yana hilo: mwaka 2022 Ford iliita kwa matengenezo magari kama milioni 2.9 Marekani kwa sababu ya kipande kidogo kinachoshika waya huo. Kwa hiyo kwenye mteremko, mguu juu ya freni, vuta ya mkono kwanza, halafu P.

Sasa pesa. Zamu yangu ya likelemba ilifika. Bwati haikununuliwa. Hopitali ilichukua dola 140, na moto ya yule kijana 35. Nilimtafuta kwenye kituo chao, nikamwomba msamaha mbele ya wenzake, kwa sababu nilimtukana mbele ya watu. Watoto wote watatu waliingia darasani, mmoja kwa kuchelewa wiki mbili.

Yule mama anauza mikate Mangobo. Mkono ukiwa kwenye plasta hakuweza kukanda, basi binti yangu mkubwa alikwenda kumkandia unga kila alfajiri, wiki sita. Mwanzoni alikwenda kwa hasira, akiwa bado anakumbuka maneno aliyoyasikia nyuma ya mlango. Sasa anakwenda hata asipotumwa.

Jana nilisimama pale kununua mikate ya franka elfu moja. Kabla hajanipa, mama yule aliuliza kama taa zinawaka. Nikarudi ndani ya gari, nikakanyaga. Akazunguka nyuma na mtoto wake mgongoni, akainama kutazama, kulia, kisha kushoto.