Mama Yake Bibi Yako Alikuwa Nani?

Msomaji mpenzi, nakuuliza swali dogo kabla hujageuza ukurasa. Wamjua mama yake bibi yako, kwa upande wa mama? Jina lake nani, alizaliwa wapi, nani alimleta huko alikokaa? Mimi ni karani wa parokia, na maswali ya namna hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Huja kijana anayetaka kufunga ndoa. Namwuliza alibatizwa lini, naye hukuna kichwa. Basi namtuma kwa bibi yake. Bibi hajui mwaka, lakini ajua kwamba ilikuwa baada ya njaa, ajua padre aliyekuwapo, ajua na mwanamke aliyemsimamia mtoto kisimani. Nafunua kitabu cha ubatizo penye miaka hiyo, na mara nyingi jina lipo.

Kwetu jibu la swali hili hupatia mtu cheti. Palikuwa na nchi ambapo jibu hilo hilo liliweza kumtoa mtu utumwani. Nchi hiyo ni Maryland, huko Marekani, na habari zake zatuhusu sisi Wakatoliki kuliko tungependa.

Maryland ilianzishwa mwaka 1634 na ukoo wa Kikatoliki, mabwana wa Baltimore, na mapadre Wayesuiti walifika pamoja na wenyeji wa kwanza kutoka Uingereza. Utajiri wa nchi ulikuwa tumbaku, na tumbaku ililimwa na watumwa wa asili ya Afrika. Miaka ilipokwenda, kanuni ikawa hii: mtoto hufuata hali ya mama yake. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata kama baba ni mwungwana. Kanuni hiyo iliwatajirisha mabwana, kwa maana kila mzalia alikuwa mali mpya. Lakini ilikuwa upanga ukatao kuwili. Mtu akiweza kuonyesha barazani kwamba mama wa ukoo wake alikuwa mwanamke huru, basi watoto wote waliotoka kwake kwa upande wa mama walikuwa wameshikwa bure, hata kama imepita miaka mia.

Ndipo watumwa wakaanza kupeleka maombi kortini. Tazama ukoo wa Butler. Mwaka 1681 Eleanor Butler, mtumishi kutoka Ireland, aliolewa na mtumwa aitwaye Charles. Bwana Baltimore mwenyewe alimwonya, maana sheria ya wakati ule ilisema mwanamke huru akiolewa na mtumwa atamtumikia bwana wa mumewe, na watoto watakuwa watumwa. Hakusikia, alimtaka Charles wake. Wawili wa kizazi chake, William na Mary, mume na mke, walidai uhuru wakashinda mwaka 1770, kisha wakashindwa katika rufani mwaka 1771. Binti yao, jina lake Mary pia, hakukata tamaa. Alishinda mwaka 1787, na korti ya rufani ikakubali mwaka 1791. Na sababu? Hapakuonekana hukumu yoyote iliyoandikwa kwamba Eleanor alihukumiwa kwa ndoa ile. Miye karani nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu ofisini. Tumezoea kuona karatasi iliyokosekana ikimtesa maskini. Safari hii ilimtesa bwana.

Sasa sikiliza habari za ukoo wa Queen, ambazo si za kucheka. Mama wa ukoo huo aliitwa Mary Queen. Wajukuu walisimulia kwamba alikaa London kabla ya kuletwa Maryland na nahodha mmoja, karibu na mwaka 1715, na kwamba alikuwa mwanamke huru. Alifikia mikononi mwa tajiri James Carroll. Carroll alipofariki mwaka 1729 aliwaachia Wayesuiti mali yake, na humo likawamo shamba kubwa la White Marsh. Basi watoto na wajukuu wa Mary Queen wakawa watumwa wa mapadre.

Naam, wa mapadre. Wako watakaoniuliza kwa nini naandika haya katika gazeti la familia za Kikatoliki. Naandika kwa sababu hao waliotumikishwa walikuwa Wakatoliki kama wewe. Walibatizwa, walikwenda Misa, na mapadre wale wale waliowabatiza ndio walioandika thamani yao kwa fedha. Tukiwaficha mapadre tutakuwa tumewaficha na Wakristo hao.

Mwaka 1791 Edward Queen alimshtaki Padre John Ashton, msimamizi wa White Marsh. Fikiri, msomaji, moyo wa mtu huyo! Amlimia padre, apokea sakramenti mikononi mwake, kisha anasimama kumshtaki. Hakuwa na hati. Alikuwa na maneno ya wazee, yaani watu waliokumbuka yaliyosemwa zamani juu ya Mary Queen, jinsi alivyofika na gumzo lililovuma ujiranini. Shauri lilichukua miaka mitatu. Mwaka 1794 watu 12 walioapishwa walitamka kwamba Edward ametokana na mwanamke huru. Akatoka akiwa mwungwana.

Lakini hukumu ilimfungua yeye peke yake. Ndugu zake walipaswa kushtaki mmoja mmoja, kila mtu na shauri lake, na wengi walifanya hivyo. Baadhi walishinda. Jambo hili laniuma kuliko yote: ukweli ulikuwa mmoja na bibi alikuwa mmoja, lakini ulilazimika kuthibitishwa upya kwa kila mjukuu.

Mabwana nao hawakulala. Jamaa mmoja wa ukoo huo, Mima Queen, alidai uhuru wake na wa mtoto wake Louisa huko Washington, akimshtaki John Hepburn. Wakili wake alikuwa Francis Scott Key, yule aliyetunga baadaye maneno ya wimbo wa taifa la Marekani, naye mwenyewe alikuwa na watumwa. Shauri lilifika Korti Kuu ya nchi mwaka 1813. Jaji Mkuu John Marshall alisema kwamba maneno ya kusikia kwa watu hayawezi kuwa ushahidi wa uhuru, maana mali ya watu ingekosa usalama.

Lakini mtumwa angeleta ushahidi gani mwingine? Hakuruhusiwa kuandika historia yake, na waliomjua bibi yake walikwisha kufa. Jaji mmoja tu alipinga, Gabriel Duvall, aliyewahi kuwa wakili Maryland na kuwatetea waliodai uhuru. Alisema watu wasio na nguvu mbele ya bwana wao wastahili kupewa ulinzi wote ulio wa haki. Usimfanye mtakatifu lakini. Naye alimiliki watumwa, na mwaka 1828 alishtakiwa na jamaa wa ukoo wa Butler. Mima na Louisa walishindwa.

Miaka 25 baadaye, mwaka 1838, Wayesuiti wa Maryland waliuza watu 272 wapelekwe Louisiana, kwa dola 115,000. Sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo cha Georgetown. Katika waliouzwa wamo wenye jina la Queen, na wenye jina la Butler.

Mwezi wa Aprili mwaka 2017 mkuu wa Wayesuiti wa Marekani alisimama Georgetown mbele ya watoto wa watoto wao, akaomba msamaha. Na wale waliokuja siku hiyo walijuaje kwamba ni wa ukoo huo? Wengi walifuata vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia, na orodha ya mauzo yenyewe, ambayo mapadre waliitunza. Ndani ya orodha hiyo wameandikwa watu kwa majina na umri, na watoto wachanga wamo.