Outspan

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mtoto wa dada amerudi kutoka safari ya shule, Nyeri. Walionyeshwa kaburi la Baden-Powell wa Skauti, kisha nyumba yake ndogo kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, alikoishi hadi alipofariki Januari 1941. Nilitaka kusikia habari za kaburi. Yeye akaniuliza, "Mjomba, Outspan ni nini?"

"Ni jina la hoteli."

"Hilo nimeliona getini. Maana yake?"

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja. Nikajifanya ninaitwa nje.

Jumanne, usiku

Aibu yenyewe ni kwamba neno hili nimepishana nalo mara nyingi bila kulisalimu. Nimeifungua tena King Solomon's Mines, riwaya ya Rider Haggard ya 1885, ambayo wazee wetu waliisoma kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya 1929. Wasafiri wana gari la kukokotwa na ng'ombe, na wakifika mahali pa kupumzika, neno ni hilo: wana-outspan. Yaani wanawafungua ng'ombe nira wakale majani. Jock of the Bushveld, kitabu cha 1907 kuhusu mbwa wa dereva wa magari hayohayo, kimejaa hilo neno kama matuta yalivyojaa barabara yetu.

Si la Waingereza. Walilichukua kwa Makaburu, wanaosema uitspan. Huko Afrika Kusini neno hilo lilikuwa jina la mahali pia, tena mahali penye nguvu za kisheria: shamba lililopitiwa na njia liliweza kuwekewa sharti la kuwaachia wasafiri kipande cha kufungulia na kulishia ng'ombe wao.

Na huku kwetu lilifika. Mwaka 1908 Makaburu walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, halafu wakaupanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya ng'ombe, wakizama topeni. Reli ilifika Eldoret 1924, Kitale 1926. Kabla ya hapo, mzigo wa kuvuka mto Nzoia hapa ninapoishi, enzi pakiitwa Hoey's Bridge kwa jina la mlowezi aliyejenga daraja, ulikuwa juu ya shingo za ng'ombe. Gari moja kubwa lilikuwa na ng'ombe kumi na sita, jozi nane. Nasimama darajani nikijaribu kuipanga foleni hiyo kichwani, na lori la mahindi linanipigia honi.

Sherbrooke Walker alipoijenga hoteli yake hiyo ya Outspan mwishoni mwa miaka ya 1920, wageni wengi walikuja kwa motokaa. Jina lilishaanza kuwa pambo.

Alhamisi, 7 Machi

Kwa fundi wa pikipiki. Akamwambia kijana wake, "Lete spana namba kumi na mbili," nami nikacheka peke yangu. Mzizi ni uleule! Spannen ni kukaza, kuvuta hadi kitu kinyooke. Mjerumani akapata kifaa cha kukazia, Mwingereza akakiazima, nasi tukakiazima kwa Mwingereza. Uitspan ni kukazua. Nikamweleza fundi yote hayo. Akasema, "Mwalimu, shika tochi."

Jumamosi, 9 Machi

Jirani yangu wa mteremkoni bado analima kwa ng'ombe. Trekta, anasema, linamlia faida kabla hajapanda. Nimekwenda mahususi kuona wakifunguliwa. Saa nne, jua likianza kuuma, alisimamisha plau katikati ya mtaro, hata hakumaliza mstari. Kijana wa mbele akashika pembe. Mzee akafungua kamba ya chini ya shingo, akachomoa kijiti, nira ikainuka upande mmoja, na yule ng'ombe mwekundu akabaki pale pale na shingo imeinama, kama bado imebeba. Manyoya yalikuwa yamelala kwa jasho, mstari mpana wenye utando wa vumbi. Akakaa hivyo kitambo. Ndipo akapiga chafya na kwenda kwenye majani.

Kiswahili chake kingekuwa nini? "Kufungua nira" linatosha kwa kitendo. Kwa mahali nilihangaika mpaka njiani kurudi, nilipokutana na mama aliyebeba kuni, akaniomba nimsaidie kutua. Kutua! Kituo! Mizigo ya misafara ya pwani ilibebwa na watu, si ng'ombe. Pale wapagazi walipotua mizigo ndipo palipokuwa kituo. Kaburu alipaita mahali kwa shingo iliyofunguliwa, Mswahili kwa kichwa na bega vilivyopumzishwa. Nimelitumia neno hili maisha yangu yote bila kuuona mzigo ndani yake. Na siku hizi hatulitumii sana barabarani. Sisi ni watu wa steji. Kituo tumewaachia polisi na wapiga kura.

Kuni zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Bega bado linauma.

Jumapili

Nimemwandikia mtoto wa dada ujumbe mrefu, pamoja na ng'ombe mwekundu na wapagazi. Jibu limekuja baada ya ibada:

"Asante Mjomba. Lakini hoteli ikiitwa Kituo, nani atalala huko kwa hiari?"