Dada Yetu, Saizi ya A3

River Road hakuna kisichochapwa. Kadi za harusi, stika za matatu, bango la mganga wa nyota, bango la krusedi, vitabu vya risiti, programu za mazishi. Ukiuliza vizuri, na mfuko ukiwa mzito, kuna mtu atakunong'oneza kwamba hata cheti kinapatikana. Meja Mwangi aliipa barabara hii riwaya nzima mwaka 1976, na hadithi zake bado hazijaisha.

Mimi huku ndiko ninakotafutia unga. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na siku hizi naandika chochote kinacholipa. Wapiga chapa wawili watatu huniita maandishi ya mteja yakiwa hayaeleweki. Nanyoosha Kiswahili, napunguza maneno, napewa soo tatu, maisha yanasonga.

Ukikaa hapa muda unaanza kuielewa nguvu ya karatasi. Nairobi bila kitambulisho huingii jengo, hupati kazi, husajili laini ya simu. Sasa fikiria mtu transjenda, yaani mtu ambaye jinsia anayoiishi si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Karatasi zake humsaliti kila anapozitoa. Askari wa mlangoni anaangalia picha, anaangalia uso, halafu anaita wenzake waje waone.

Audrey Mbugua aliyaishi hayo. Alifanya KCSE mwaka 2001 katika shule ya wavulana ya Kiambu, na cheti kikatoka na jina la kiume na alama ya jinsia asiyoiishi. Hakuja River Road kutafuta njia ya mkato. Alienda Mahakama Kuu, na Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akaliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Hoja haikuwa ngumu: gredi ni za aliyefanya mtihani, na alama hiyo haimwongezei wala kumpunguzia kitu. Mwaka huohuo mahakama iliamuru pia shirika lake, Transgender Education and Advocacy, lisajiliwe baada ya bodi ya mashirika kukataa. Katika mji ambao cheti cha uongo kina bei inayojulikana, mtu alilazimika kushtaki ili apate cha kweli.

Kesi hiyo ilinijia akilini Novemba moja, vijana watatu walipoingia kwenye duka la mzee mmoja ninayemfanyia kazi. Walitaka bango la tarehe 20, siku ambayo watu transjenda duniani huwakumbuka wenzao waliofariki. Ilianzishwa Marekani mwaka 1999, baada ya Rita Hester kuuawa huko Boston mwaka uliotangulia. Hawa watatu walikuwa na marehemu wao.

Mmoja alitoa programu ya mazishi kwenye begi. Juu yake palikuwa na picha ya mtoto wa shule, shati na tai, na jina la mvulana. Kisha akatoa simu: msichana yuleyule, mtu mzima, gauni la kitenge, anacheka. Hawakuja kuilaumu familia. "Walizika mtu waliyemjua," alisema. "Sisi tunataka wa kwetu."

Maneno yao yalikuwa machache: jina alilojichagulia, miaka yake, na chini yake, "Alikuwa dada yetu."

Mzee aliweka miwani, akasoma mara mbili. "Wanangu, andikeni 'mwenzetu'. Hapo hakuna atakayewauliza kitu."

Lilikuwa wazo la mtu anayejua mtaa. Na Kiswahili kingewaficha vizuri. Alizaliwa, alicheka, alituacha: kitenzi chetu hakiulizi mtu ni wa kike au wa kiume. Unaweza kusimulia maisha yote ya mtu bila kuligusa swali hilo. Ni majina ya undugu ndiyo yanayokulazimisha useme.

"Mzee, si vibaya," kijana alijibu, "lakini mwenzetu ni hata mtu uliyekaa naye kwenye mathree. Huyu alikuwa dada."

Mzee alinitazama. Nikamwambia sentensi iko sawa, haina kosa. Akachapa nakala 40, rangi, A3. Aliomba jambo moja tu, kwamba jina la duka na namba yake, ambavyo huviweka chini ya kila kazi, visiwekwe. Ana wapangaji wenzake na ana mwenye jengo. Hakuna aliyebishana naye.

Nilidhani 40 ni nyingi. Wakanieleza hesabu: 20 za kubandika, 20 za kubandika tena zikichanwa. Na hawakuzipeleka kwenye milingoti ya mjini, ambako mganga angezifunika kabla ya asubuhi. Zilienda Kawangware na Kangemi, ndani ya saluni, kwenye benchi la kusubiria la kliniki moja, nyuma ya milango ya nyumba za kupanga.

Nairobi inajua kuta husema. Mwaka 2012 tuliona wanasiasa wamechorwa kama tai walao mizoga katikati ya jiji, na mwaka 2024 kizazi changu kilibeba kadibodi dhidi ya Mswada wa Fedha. Hayo yalielekezwa kwa serikali. Bango hili lilielekezwa kwa jirani. Ukiweka picha ileile mtandaoni, wanaokuja kwanza ni wenye matusi. Kwenye saluni, mtu anaisoma akiwa na kichwa kwenye sinki, na hakuna anayejua ameisoma.

Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret iliitaka serikali itunge sheria ya kulinda haki za watu transjenda. Ni habari njema, nami nitaiandika popote nitakapolipwa. Lakini Bunge lina mwendo wake, na wale vijana wanapanda matatu kila siku.

Mwenye saluni mmoja wa Kangemi aliniambia wateja humwuliza yule msichana ukutani ni nani. Hutaja jina lililo kwenye bango, anasema alikuwa mteja wa kila Jumamosi, kisha anaendelea kusuka.