Mtoto wa Miezi Saba

Mama yangu alikuwa na hesabu yake, kama wazee wengi wa hapa Mabamba: mtoto wa miezi saba hupona, wa miezi minane haponi. Ukubwani nikaja kusoma kwamba Wagiriki wa kale nao waliandika hivyo hivyo katika vitabu vinavyohusishwa na Hipokrati, nikacheka peke yangu. Hesabu ile ni potofu, kwani kila wiki mtoto anayozidi kukaa tumboni kabla ya kutimiza muda humwongezea nafasi ya kuishi. Lakini usiku ule wa Januari 2011, binti yangu alipojifungua katika mwezi wa saba, sote tuliishikilia kama mkongojo.

Mkunga alihesabu kwa wiki. Aliuliza tarehe ya hedhi ya mwisho, binti akajibu kwa mavuno ya maharage ya Juni, wakakokotoa mpaka wakafika wiki ya 30. Kitoto hakikufika kilo moja na nusu. Kilifungwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, kama walivyoanza kufanya madaktari wa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 walipopungukiwa na mashine za joto. Kikaishi, na mama yangu akajiona ameshinda.

Mwaka ulipotimia mtoto alikuwa hajakaa. Miguu ilikakamaa, ikapishana kama mkasi kila alipoinuliwa. Tukaambiwa ni mtindio wa ubongo. Wakwe wakaitisha kikao, wakasema mwanamke alipanda mlima na mzigo kichwani, kajitakia mwenyewe. Wakamrudisha kwangu pamoja na mtoto.

Kuhusu mzigo hawakukosea. Lilikuwa debe la maharage la kupeleka soko la mpakani, siku mbili kabla ya uchungu. Wasilolijua ni kwamba aliyemtwisha debe hilo ni mimi. Binti hakunitaja. Nami, ndugu msomaji, nilikaa kikaoni nikitazama ncha ya fimbo yangu.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Aliniandikia tarakimu nyuma ya kadi ya kliniki, kutoka katika uchambuzi wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti nyingi za ng'ambo. Katika watoto 100 waliozaliwa kati ya wiki ya 22 na 27, karibu 15 hupata mtindio wa ubongo. Wiki ya 28 hadi 31, karibu 6. Wiki ya 32 hadi 36, hawafiki 1. Waliotimiza muda, karibu 1 katika 1,000. Hata baina ya hao wa mwisho siku zina uzito wake: utafiti wa Norway wa mwaka 2010 ulikuta hatari ndogo kuliko zote ni wiki ya 40, na kwa wiki ya 37 inakaribia mara mbili yake.

Alinieleza na sababu. Kati ya wiki ya 24 na ya 32 mishipa ya damu ya ndani ya ubongo bado ni dhaifu, na sehemu zinazozunguka vyumba vyake vya maji hudhurika upesi damu ikivuja au ikipungua. Nyuzi za kuendesha miguu hupita karibu kabisa na hapo. Ndiyo maana mara nyingi miguu huumia kuliko mikono. Daktari Little wa London aliwaeleza watoto wa namna hii tangu mwaka 1861.

Hata hivyo, wengi wenye mtindio wa ubongo walitimiza muda tumboni, kwa kuwa wanaotimiza muda ndio wengi mno. Utafiti uliofanywa Iganga na Mayuge, Uganda, na kutolewa mwaka 2017, ulikuta karibu watoto 3 katika 1,000, na robo yao walidhurika baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, kwa magonjwa kama malaria kali. Waliozaliwa mapema sana walikuwa wachache miongoni mwao. Mtoto wa wiki ya 26 lazima kwanza aishi ndipo ahesabiwe.

Nikamwuliza kuhusu mzigo. Akasema uchungu wa mapema huletwa na maambukizo, shinikizo la damu, mapacha, na mara nyingi sababu haipatikani kabisa. "Sita katika mia, mzee. Tisini na nne hawapati." Alidhani ananifariji. Mimi nilikuwa nawaza yule mmoja, na tarakimu haina la kusema juu ya mmoja.

Mwaka 2013 nilikwenda kwa wakwe nikawaambia debe lilitoka kwangu. Mzee mwenzangu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mtoto anaweza kukalia kigoda. Nikamwambia anahitaji kiti chenye kigingi katikati ya magoti ili miguu isipishane. Akamwita fundi seremala siku hiyo hiyo. Mume alikuja kumchukua mkewe baada ya mavuno, ingawa mama yake hakutoka ndani kunisalimu.

Kiti kimeshabadilishwa mara tatu kwa jinsi mjukuu anavyokua. Akija kwangu hukaa barazani akipukuchua maharage, maana mikono inamtii. Debe la sokoni nalifunga mwenyewe kwenye baiskeli.