Bei ya Kusomewa Ubongo

Mhariri ameomba tueleze tunachosoma bila kutia hesabu, basi mimi nitaanza na simu ya dada yangu.

Alipiga usiku kutoka Tanga, bila hata ile "habari za huko". Mwanawe wa miaka tisa ana kifafa, na jirani alimwonyesha picha ya mkanda wa kuvaa kichwani ambao eti unasoma ubongo. "Mdogo wangu, si ndiyo kazi yako hiyo? Huko Ulaya bei gani? Nina mbuzi wawili."

Nikamwomba siku mbili. Jibu nilikuwa nalo, ila niliona haya kulitoa, maana mwaka wangu wa kwanza hapa mimi mwenyewe niliingia mkenge. Nilinunua kifaa cha aina hiyo, paundi mia mbili na ushee, nikitegemea kukifanyia tasnifu. Kufungua boksi, naona michoro mizuri ya rangi kwenye skrini, lakini data ghafi, yaani zile namba zenyewe anazozitaka mhandisi, zimefungwa. Ukizitaka, ulipe ada kila mwezi. Ni kama kununua redio halafu ukaambiwa sauti inauzwa mbali.

Mtindo wenyewe si mpya. Emotiv EPOC ilipotoka mwaka 2009 iliuzwa dola 299. Toleo lenye data ghafi lilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo, na elektrodi ni zilezile 14. Sikatai, programu ni kazi ya watu na watu wanakula. Mwaka huohuo Mattel wakatoa Mindflex, mchezo wa watoto: unavaa mkanda, unakaza mawazo, feni inapeperusha kimpira cha sponji. Ndani yake mna chipu ya NeuroSky, kampuni ileile iliyokuja kuuza MindWave kwa ajili ya masomo na majaribio. Mimi nilipata Mindflex ya mtumba, bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Nikaifungua, nikaunga waya kwenye chipu, namba zikaja kwenye kompyuta: moja inaitwa "umakini", nyingine "utulivu", kila moja kuanzia 0 hadi 100.

Na hapo ndipo penye biashara. Umeme wa ubongo unaofika juu ya ngozi ya kichwa ni makumi tu ya mikrovolti. Misuli ya taya na ya paji la uso inaumeza bila taabu. Niliuma meno tu, namba zikarukaruka. (Wenye misuko msijisumbue na zile za kuvaa utosini: elektrodi haifiki hata kwenye ngozi.) Lakini namba ikishapewa jina la "umakini", nani tena atauliza imetoka wapi? Ingeitwa "namba ya tatu" isingenunuliwa na mtu.

Siku ya pili nikampigia dada. Nikamweleza kwamba hospitali wanabandika elektrodi kama 20 kichwa kizima na anayesoma ile karatasi amesomea miaka. Mikanda hii ina moja, au nne kama Muse ya mwaka 2014, nayo kwenye boksi imeandikwa kwa herufi za sisimizi kwamba si kifaa cha tiba.

Akanyamaza. "Kwa hiyo miaka yote hiyo unasoma ili uniambie haufai?"

"Ndiyo, dada."

Nikamwambia kama ni kuuza mbuzi, auze kwa ajili ya nauli ya hospitali ya rufaa, na dawa za mtoto zisikatike hata siku moja. Ameuza mmoja. Wamepimwa, daktari amebadilisha dozi, na tangu mwezi uliopita hajaanguka.

Mpwa wangu sasa ameusikia ule mchezo wa kimpira, anautaka. Nimeshatoa waya zangu, nitampelekea Desemba.