Usukani Mzito

Baba alijifunzia kazi kwenye Land Rover Series III, gari ambalo halikuwa na pawa stiaringi. Alikuwa dereva wa serikali kwa miaka 26, akipita Baringo na Samburu kabla ya lami kufika, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika kwamba usukani ni mzito.

Kisha mwaka 2019 kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, mkono wa kushoto ukarudi nusu. Daktari alimkataza kuendesha mpaka apimwe tena. Hakurudi kupimwa. Kila Jumamosi alichukua kigari chetu akaenda sokoni, akizungusha usukani kwa mkono mmoja. Pawa stiaringi ndiyo iliyomfichia siri.

Mwaka jana nilikuta oili imedondoka chini ya gari. Fundi akajilaza pale, akatoka akijipangusa mikono.

"Reki inavuja. Sili zimeisha. Utatafuta ingine, ama tutoe pawa ibaki manual."

Nikamwuliza inatolewaje. Akanieleza bila haraka. Mkanda wa injini huzungusha pampu, pampu husukuma oili kwenye reki, na oili hiyo ndiyo inayokusaidia kupinda matairi. Njia nzuri ni kutafuta reki ya manual kabisa. Meno yake yamepangwa kukupa nguvu, ila utazungusha usukani mara nyingi zaidi. Njia ya pili ni kufungua hii hii, kutoa sili ya pistoni ndani na kuunganisha matundu mawili ya oili, ndiyo isikupinge. Njia ya mvivu ni kutoa mkanda tu.

"Lakini hapo unasukuma tairi na oili pamoja," akasema. "Itakuwa nzito kuliko manual yenyewe. Kwa mzee, sikushauri."

Nikamwambia atoe mkanda. Akanitoza shilingi 500. Pesa ya reki nilikuwa nayo kwa M-Pesa.

Jumamosi nilisimama kwenye dirisha la jikoni. Baba aliwasha gari, akajaribu kupinda kutoka kwa geti. Usukani ulikataa. Akaongeza mkono wa kushoto, ukateleza. Akajaribu tena. Akazima injini, akakaa mle ndani muda mrefu, halafu akashuka akafungua boneti. Nilisahau kwamba yule mtu alitengeneza magari porini peke yake kabla sijazaliwa.

Aliingia ameshika mkanda. Aliukuta kwenye buti, nilikouweka.

"Huu haukukatika," akasema. "Umetolewa."

Sikujibu.

"Ulikosa maneno, ukatuma fundi?"

Nilitaka kumwambia juu ya watoto wanaovuka barabara pale shuleni, na usiku ambao simu ikilia naogopa kuishika. Yote yalikuwa kweli. Lakini hata moja sikuwa nimemwambia, na sasa yalisikika kama kisingizio.

Akanitupia funguo. "Nipeleke sokoni."

Pale getini nilivuta usukani kwa mikono miwili mpaka jasho likanitoka. Ulisogea kidogo tu. Baba alikuwa anatazama mbele.

"Usizungushe ikiwa imesimama," akasema. "Iache itambae kwanza, ndio upinde."

Nikaachilia klachi polepole. Gari likatambaa, na usukani ukanifuata, mzito bado, lakini ukafuata. Hatukuzungumza tena mpaka tulipokuwa tunarudi, vitunguu na sukuma wiki viko kiti cha nyuma.

"Nitaenda nipimwe," akasema. "Daktari akisema niache, nitaacha. Lakini nataka kuambiwa na mtu akiniangalia usoni."

Kliniki ni Jumanne. Reki nimeshanunua, iko kwa fundi. Nimemwomba asiifunge kwanza, na safari hii nimemwambia baba kwamba nimeomba hivyo.